Mdomo Ulimfuata Yeye

Jumanne ile, Septemba 10, 2024, nilikuwa kwenye foleni ya Tazara, nimebanwa dirishani ndani ya daladala, simu inatetemeka mkobani kama ina homa. Kundi letu la WhatsApp la waingiza sauti lilikuwa limefurika. Sisi hatuandikiani, tunatumiana sauti. Ni ugonjwa wa kazi. Nikachomeka hedfoni nikafungua ya kwanza. Alikuwa yule kaka anayeingiza sauti za baba wakwe wakorofi kwenye tamthilia za Kituruki. Hakutoa salamu wala nini. Alivuta pumzi, akashusha sauti mpaka chini ya sakafu, akaita: "Simbaaa." Kisha akakohoa na kurudi kwenye sauti yake ya kawaida: "Mzee ametutoka jana, jamani."

Hakutaja jina na wala hakuna aliyeuliza mzee gani.

James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa sauti ya Mufasa, baba yake Simba kwenye katuni ya The Lion King, alifariki Jumatatu, Septemba 9, nyumbani kwake katika jimbo la New York, akiwa na miaka 93. Mpaka daladala inafika Buguruni nilikuwa nimesikiliza watu kumi na mmoja wakijaribu kuwa Mufasa. Karibu wote walishindwa. Dada mmoja mwenye miaka 31, ambaye ndiye sauti ya nusu ya watoto mnaowasikia kwenye luninga zenu, alisema tangu siku ile ya mbio za nyumbu kwenye bonde hajawahi kumpenda nyumbu, na alipopelekwa Mikumi na shule aligoma kumpiga picha. Mwingine alisema Mufasa alipokufa alilia kuliko alivyomlilia babu yake, na wakati huo babu alikuwa chumba cha pili, mzima, anauliza kuna nini. Nikacheka peke yangu. Mama niliyekaa naye akasogeza kikapu chake.

Mimi yangu sikuituma. Ilikuwa ndefu, na ina bibi yangu ndani yake, kwa hiyo naiandika hapa.

Mwaka 1996 tuliishi Tanga, Ngamiani, Barabara ya 14. Baba mdogo alirudi likizo kutoka Muscat na deki ya video iliyofungwa kwenye blanketi, pamoja na mikanda mitatu: mmoja wa mieleka, mmoja wa Kihindi, na mmoja wa The Lion King. Ule wa tatu alituletea sisi watoto, lakini haikupita wiki ukawa mali ya bibi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na chini yake yakipita maandishi ya Kiarabu. Kiingereza bibi hakukijua hata salamu. Herufi za Kiarabu alizijua, maana alikuwa amehitimu msahafu tangu utotoni, basi akawa anayasoma yale maandishi kwa sauti, neno kwa neno, bila kuelewa nusu yake, huku picha zinamkimbia. Tukimwambia anyamaze tusikie, anatuuliza tunasikia nini sisi ambao Kiingereza chetu ni cha darasa la tatu.

Majina ndiyo yaliyomfurahisha. Simba anaitwa Simba. "Na mimi basi nikuite Mjukuu," aliniambia, na akaniita hivyo mwezi mzima. Rafiki akampitisha. Pumbaa akampitisha kwa kicheko. Lakini fisi kuitwa Shenzi kulimkera. Alitaka kujua ni nani aliyemfundisha Mzungu tusi lile. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba watengenezaji wa filamu ile walikwenda Hell's Gate, kule Naivasha, Kenya, kutazama nchi kabla ya kuichora, kwa hiyo majina hayakuokotwa barabarani, ingawa kuna mahali waliokotaokota. Yule nyani anapoimba "wewe nugu, mimi hapana", bibi alikuwa anasitisha mkanda kabisa. "Hiki Kiswahili cha wapi? Cha pwani sicho, cha bara sicho." Na kuhusu hakuna matata, kauli yake ilikuwa fupi: matata yapo, anayebisha aje aangalie ndoo za maji.

Jina la Mufasa ndilo lililomshinda. Aliwauliza majirani, akamuuliza mwalimu wa madrasa, akamuuliza hata muuza kahawa. Hakuna aliyelijua neno hilo. Akahitimisha kwamba ni jina la ukoo.

Ila Mufasa akianza kuongea, bibi aliacha kupepeta. Ungo unabaki hewani. Wengine wote kwenye filamu ile wanaongea mbiombio, wanaruka, wanaimba. Yeye anatoa neno moja, anaacha nafasi, anatoa lingine. Siku moja bibi akasema jambo ambalo nimefanya nalo kazi miaka yote hii bila yeye kujua: "Huyu anaongea kama mtu aliyekwisha kula."

Kwa kuwa hatukuelewa maneno, mtoto wa mama mkubwa akajipa kazi ya utafsiri. Hizo zilikuwa enzi za vibanda vya video, unalipa vishilingi vyako, unakaa kwenye benchi au mkeka, na mtafsiri amekaa pembeni na kipaza sauti anamweleza Rambo anawaza nini. Baadaye nchi nzima ikamjua Lufufu, na Wakenya wakapata DJ Afro wao. Binamu yangu alikuwa Lufufu wa Barabara ya 14, anatumia mwiko badala ya kipaza sauti. Tatizo ni kwamba alikuwa na kigugumizi. Si cha utani. Akitumwa mkate alikuwa anaonyesha kwa kidole, na mwenye duka akijifanya haelewi ili amchezee, alikuwa anarudi mikono mitupu. Lakini kwenye qasida za maulidi alikuwa anaongoza. Na akishika mwiko akawa Mufasa, hakikwami kitu. Alikuwa anatunga tu, maana Kiingereza naye hakukijua. Mufasa wake alimwambia mwanawe habari za shamba la minazi la Pangani ambalo ndugu yake anataka kulidhulumu. Tulimwamini kabisa. Mpaka leo nikimwona Scar, ndugu yake Mufasa, nawaza hati ya shamba.

Nilikuja kuunganisha mambo nikiwa mtu mzima, nimeshaingia kazi hii. James Earl Jones alizaliwa Januari 17, 1931, Arkabutla, jimbo la Mississippi, na bado mdogo wa kama miaka mitano akapelekwa kulelewa na babu na bibi yake kwenye shamba huko Michigan. Kuhama kule kulimfungia ulimi. Alipata kigugumizi kizito kiasi kwamba kwa takriban miaka 8 alinyamaza. Shuleni aliandika, hakusema. Halafu kukatokea mwalimu wa Kiingereza, Donald Crouch, aliyegundua kwamba yule kijana bubu anatunga mashairi. Jones alikuwa ameandika shairi la kulisifu balungi. Crouch akamwambia ni zuri mno kuwa lake, na kama kweli ni lake, asimame mbele ya wenzake alighani kwa moyo. Akasimama, na likatoka lote bila kukwama.

Watu husimulia kisa hiki kama muujiza. Mtu yeyote aliyekaa madrasa na mtoto mwenye kigugumizi hashangai. Ukimpa mizani, ulimi unapata reli. Kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba Jones hakuwahi kudai amepona. Alisema anafanya nacho kazi tu. Maana yake, ule mwendo wa taratibu, zile nafasi kati ya neno na neno zilizomwachisha bibi ungo, kwa sehemu ni za mtu anayetazama njia kabla ya kuweka mguu. Tunaousikia kama ufalme ni uangalifu. Siku nilipolitambua hili nilimpigia binamu yangu, ambaye sasa ni fundi wa majokofu Korogwe. Alinyamaza kidogo, akasema, "K-k-kumbe mwenzetu."

Sasa niingie kidogo jikoni kwetu, maana mashabiki wengi wanamkumbuka kwa sauti nzito, na sauti nzito si kitu. Wanaume wenye sauti nzito wamejaa stendi ya Magufuli wanaita abiria.

Kazi yangu mimi ni kuufuata mdomo wa mtu mwingine. Mama wa Kituruki ameshaigiza, ameshalia, ameshalipwa na kwenda zake Istanbul. Mimi naletewa picha na skripti ya Kiswahili, navaa hedfoni, na ninatakiwa nianze anapofunua mdomo na ninyamaze anapofunga. Kiswahili ni kirefu. Anachosema yeye kwa maneno mawili sisi tunahitaji matano. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kukata na kukimbia, ukifika mwisho wa sentensi umeishiwa pumzi na bado unatakiwa usikike una huzuni.

Kwenye katuni ya asili ni kinyume. Sauti inarekodiwa kwanza. Mwigizaji anaingia studio hakuna picha ya kumkimbiza, anasema kwa mwendo wake, na wachoraji ndio wanaokaa na ile sauti wakichora mdomo uifuate. Mufasa alisimamiwa na mchoraji Tony Fucile, na yeye na wenzake walichora kichwa kinachogeuka polepole kwa sababu sauti ilikuwa inageuka polepole. Ile nafasi ambayo Mufasa anamtazama mwanawe kabla ya kusema, mtu aliichora picha kwa picha ili kimya cha James Earl Jones kipate mahali pa kukaa. Mimi nikitaka kimya cha sekunde mbili lazima nimuombe Mturuki.

Na kwa Darth Vader, yule mbaya wa filamu za Star Wars ambaye Jones alikuwa sauti yake, hali ilikuwa ya tatu kabisa. Mwili ulikuwa wa David Prowse, Mwingereza mwenye misuli, na Jones akaja kuweka sauti juu yake baada ya filamu kupigwa, yaani alifanya kazi yangu hasa. Ila Vader amevaa barakoa. Hana mdomo! Hiyo ndiyo ndoto ya kila mwingiza sauti duniani. Alilipwa dola 7,000 kwa filamu ile ya 1977, na aliomba mwenyewe jina lake lisiandikwe. Alijiona ni sehemu ya madoido ya filamu tu. Jina lake lilikuja kuonekana kwenye orodha mwaka 1983, filamu ya tatu. Kwenye kundi letu jambo hili lilizua ubishi mkali asubuhi ile. Kaka wa baba wakwe alisema huo ndio unyenyekevu wa wakubwa. Mimi nilisema unyenyekevu ni wa mtu aliyeulizwa. Sisi jina haliandikwi na hakuna aliyetuuliza. Nimekuwa mama wa familia nne kwenye tamthilia, nimefiwa na waume sita, jirani yangu wa ukuta anaziangalia zote na anaamini mimi nafanya kazi benki.

Kuna kitu kimoja huwa nawatajia watu wakinisifia ngurumo ya Mufasa. Ngurumo si ya Jones. Zile ngurumo zilitolewa na Frank Welker, bingwa wa sauti za wanyama kwenye katuni za Marekani. Kwa hiyo simba yule alikuwa na watu wawili kifuani, mmoja wa kunena na mmoja wa kunguruma. Wanaposema sauti ya Mufasa wanamaanisha wa kunena. Yule wa kunguruma yupo mahali fulani na sisi wengine.

Uso wake niliuona kwa mara ya kwanza kwenye kibanda, nadhani nikiwa na miaka kumi na mbili, siku walipoonyesha Coming to America. Mfalme Jaffe Joffer wa Zamunda anaingia, ngozi ya simba imemkalia begani na kichwa chake, na kabla mtafsiri hajawahi kumfunika akasema neno moja. Nikasimama kwenye benchi: "Mufasa!" Nikavutwa chini kwa gauni, wakaniambia ninawaziba. Lakini nilikuwa nimeshajua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza, kwamba ndani ya katuni kuna mtu, na mtu huyo ana tumbo na masharubu na anaweza kuonekana. Sikulala. Filamu ile ni ya 1988, miaka 6 kabla ya simba wake. Alianza kwa kumvaa simba ndipo akamwingia.

Na kuna zaidi, na hili nawadai mashabiki maana hawalitaji. Malkia wa Zamunda aliyekaa kando yake ni Madge Sinclair, mzaliwa wa Jamaika, na ni yeye huyohuyo aliyekuja kuwa sauti ya Sarabi, mke wa Mufasa. Ndoa moja, falme mbili. Sarabi ana maneno machache, lakini sikilizeni anavyomjibu Scar mbele ya mlima wakati njaa imeingia. Hapandishi sauti hata kidogo. Madge Sinclair alifariki Desemba 1995, mwaka mmoja na nusu baada ya filamu kutoka. Mimi nikiandaliwa mama mkwe mwenye hadhi, yeye ndiye ninayemwiba, si Mufasa.

Mambo yake ya jukwaani nayapita, si kwa dharau, ila sikuyaona. Tuzo za Tony za 1969 na 1987 ni za watu waliokuwa ukumbini. Mwaka 2022 ukumbi mmoja wa Broadway ulipewa jina lake akiwa hai, na hilo nililifurahia.

Wapwa zangu wanamjua kwa njia yao. Wao ni wa katuni ya The Lion Guard, ile ya Kion na Bunga na Beshte, ambako Kiswahili kimemwagwa kama mchuzi. Jones alikuwa Mufasa kwenye filamu ya ufunguzi, Novemba 2015. Mfululizo ulipoanza, Gary Anthony Williams akaipokea nafasi. Mpwa wangu mmoja, alikuwa na miaka saba, aliniuliza kwa nini babu wa mawinguni kabadilika koo. Nikamwambia ana mafua. Sikio la mtoto halidanganyiki, lakini linasamehe.

Mwaka 2019 walipoirudia The Lion King kwa kompyuta, simba wote wakapewa watu wapya isipokuwa yeye. Alikuwa na miaka 88. Niliitazama Mlimani City na sikuipenda, simba wale hawana uso wa kuudhika. Ila nilifumba macho Mufasa alipoongea. Pumzi ilikuwa imefupika, unamsikia anakata sentensi katikati ili avute hewa, mahali ambapo 1994 alipita moja kwa moja. Rafiki yangu aliniambia kazeeka. Ndiyo, kazeeka, na baba anayemwambia mwanawe habari za nyota huku anapumua kwa shida ni baba ninayemwelewa zaidi sasa kuliko nilivyokuwa darasa la tatu.

Hilo la pumzi ndilo linalonifikisha kwenye jambo linalotutia tumbo joto kazini. Sauti ya Vader kwenye tamthilia ya Obi-Wan Kenobi ya 2022 ilitengenezwa na kampuni ya Respeecher ya Ukraine, kwa akili mnemba, kutoka kwenye rekodi zake za zamani na kwa ridhaa yake. Mafundi walikuwa wakiikamilisha Urusi ilipoivamia nchi yao. Baada ya kifo, Mei 2025, sauti hiyo ikawekwa kwenye mchezo wa Fortnite, familia ikiwa imeridhia, Vader anaongea na wachezaji papo kwa papo. Haukupita muda wachezaji wakawa wameshamtukanisha, ikabidi wenye mchezo wamzibe mdomo. Mtu aliyenyamaza miaka 8 akiogopa neno litoke vibaya!

Nasi tumeletewa karatasi. Kuna kazi moja ya nje ambayo mkataba wake una kifungu kinachotaka sauti zetu zitumike "kwa njia yoyote itakayobuniwa baadaye". Kundi limegawanyika. Wenye kodi ya nyumba wamesaini, na siwalaumu. Wangu upo kabatini chini ya vitenge. Yeye alikuwa na jina la kuuza, tena alikuwa na miaka tisini na kitu na kazi yote nyuma yake. Mimi nikiuza koo nitabaki na nini cha kupanda nacho daladala?

Basi, Jumanne ile nikafika studio nimechelewa dakika arobaini, macho mekundu, nikasingizia vumbi. Skripti ilikuwa mezani. Mama mkwe, tukio la sebuleni, wanawe wamekuja na dalali. Maneno yangu yalikuwa matatu tu: "Nyumba hii haiuzwi." Nikavaa hedfoni. Nikamkumbuka bibi na ungo wake. Taa nyekundu ikawaka, mama wa Kituruki akafunua mdomo, nikasema, "Nyumba hii," kisha nikaacha. Nikaacha nafasi kama ya mtu aliyekwisha kula. Nikaisikia sebule yote ya Istanbul inanisubiri. Halafu nikashusha, taratibu: "Haiuzwi."

Kimya. Fundi mitambo akabonyeza kitufe cha kuongea kutoka upande wa pili wa kioo.

"Dada, tamu sana hiyo. Ila mama wa watu keshafunga mdomo na katoka mlangoni. Turudie."